Kerende: Ugonjwa Usio na Siku ya Kuanua Tanga

Ukiuliza njia ya Kerende ukiwa stendi ya Tarime, utaulizwa kwanza kama unakwenda mgodini au unavuka mto kwenda Mugumu. Sisi hatukuwa wa mgodi wala wa Mugumu. Mwenzangu alikuwa amepakata kiboksi cha plastiki chenye barafu, na ndani yake sindano za kuongeza damu alizonunua Mwanza. Kondakta alikitazama kile kiboksi, akamtazama mwenyewe usoni, akasema, "Mura, hizo ni za mama wa mashine?" Mwenzangu akaitikia. Hatukuulizwa neno jingine; tulipewa siti za mbele, upande usiopigwa na jua, ili barafu isiyeyuke.

Mama wa mashine ni shemeji yake, mke wa kaka yake mkubwa. Figo zake zote mbili zimekoma kufanya kazi, na mara mbili kwa wiki damu yake husafishwa kwa mashine katika Hospitali ya Bugando, Mwanza. Wiki hiyo alikuwa amepata lifti ya gari dogo, akatangulia nyumbani kuwaona watoto kabla siku ya mashine haijafika tena. Habari zake nilizisikia Mwanza, na kilichonivuta hakikuwa ugonjwa. Niliambiwa kuwa kijijini kwao kuna ratiba ya kumuuguza, imeandikwa na kubandikwa ukutani, na kwamba watu wanaifuata. Nilitaka kuiona kwa macho yangu.

Kutoka Mwanza hadi Tarime ni zaidi ya kilomita 250. Lami ni nzuri, lakini kwa mtu ambaye mwili wake umejaa maji yasiyo na pa kutokea, hiyo ni safari nyingine kabisa. Unapita Magu, unafika Lamadi ambako ziwa liko kushoto na mbuga ya Serengeti inaanza kulia, unapita Bunda, kisha Makutano, ambako wanaokwenda Musoma wanaachana na wewe. Mbele yake ni daraja la Kirumi na mafunjo yake, halafu barabara inapanda kuelekea milima ya Tarime. Mwenzangu alinionyesha mahali ambapo huwa wanasimama ili mgonjwa anyooshe miguu, na duka ambalo mwenyewe huwapa kiti bila kudai wanunue kitu. Anaijua barabara hii kwa vituo vya kupumzikia.

Kutoka Tarime tulishika njia ya Nyamwaga na Nyamongo. Migomba na mashamba ya mahindi yalitufuata muda mrefu, kisha vikatokea vilima visivyoota kitu: vifusi vya mgodi wa dhahabu wa North Mara, ambao umekuwa ukizalisha tangu mwaka 2002. Baada ya hapo ardhi inateremka. Chini kabisa ni Mto Mara, wa rangi ya udongo, unaotoka milima ya Mau nchini Kenya, ukapita Maasai Mara na Serengeti, na sasa unaelekea Ziwa Victoria. Ng'ambo ni Wilaya ya Serengeti. Huku ni Tarime, na hapa ndipo Kerende.

Tulimkuta amekaa kwenye kigoda kivulini, khanga imefunika mkono wa kushoto. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika marahaba, akaniita mwanangu, akaniuliza habari za Mwanza kana kwamba yeye hakutoka huko juzi tu. Kisha akaufunua mkono. Chini ya ngozi, karibu na kiwiko, mshipa ulikuwa umevimba na kujikunja. Aliniambia niuguse. Ulitetemeka kama simu iliyowekwa mtetemo. Hiyo ndiyo fistula: daktari huunganisha mshipa wa damu unaotoka moyoni na ule unaorudi, ili mshipa unenepe na kuweza kuhimili sindano kubwa za mashine. Kila asubuhi mama huugusa kuhakikisha bado unatetemeka. Ukinyamaza, ni safari ya haraka ya hospitali.

Kwa sababu ya mkono huo, mambo mengi ya nyumba ile yamebadilika. Hautakiwi kubeba ndoo wala kupimiwa presha, na hata kuulalia ni hatari. Kwa hiyo maji hayatekwi na mama tena. Siku ile mabinti wawili wa jirani walipita na ndoo kichwani, wakajaza pipa, wakaondoka bila kuagizwa na mtu. Nilidhani ni wema wa siku hiyo. Mwenzangu akasema, "Ni zamu yao."

Maji ya kunywa nayo yana hesabu. Mtu ambaye figo zimekufa hunywa kwa kipimo: kiasi cha nusu lita kwa siku, kuongezea ule mkojo mdogo anaoupata, kama bado anaupata. Chai, uji, mchuzi, hata tunda lenye maji, vyote vinaingia kwenye hesabu hiyo. Kilichozidi hubaki mwilini mpaka siku ya mashine: miguu huvimba, presha hupanda, pumzi hukata. Mama ana kikombe chake kimoja cha bati, na hakuna mwingine anayekitumia. Jua la bonde la Mara, mto unaouona ukiwa umekaa barazani, na kikombe kimoja: hapo ndipo utajua uvumilivu wa mgonjwa wa figo.

Ndizi ndizo zinazomuuma zaidi. Nyumba imezungukwa na migomba, naye haruhusiwi kula atakavyo, kwa kuwa ndizi, parachichi, nyanya na mboga nyingi za majani zina potasiamu. Figo nzima huitoa. Figo iliyokufa huiacha ikusanyike, na ikizidi inaweza kuusimamisha moyo ghafla. Wifi yake amefundishwa namna ya kupika: viazi humenywa, hukatwa vipande vidogo, huloweshwa, huchemshwa kwa maji mengi, na yale maji humwagwa. Chumvi ni ya kunusa tu. Wageni wakija na mkungu wa ndizi kama ilivyo desturi, watoto ndio hushukuru.

Ugonjwa ulianza kimya, kama ulivyo kawaida yake. Figo mbili za mtu mzima huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji ya damu kila siku, na uwezo wake ni mkubwa kiasi kwamba mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa sana ya kazi hiyo bila kuhisi kitu. Mama alipewa habari ya presha kliniki ya wajawazito, katika mimba yake ya mwisho. Akajifungua salama, na habari ya presha ikaishia pale. Miaka ikapita. Uso ukaanza kuvimba asubuhi. Ikasemwa ni malaria. Kichefuchefu kikaja, ikasemwa ni taifodi, kisha vidonda vya tumbo. Mwili ukaanza kuwasha, na hapo wakasema amerogwa. Kila jina lilikuwa na dawa yake, na kila dawa ilikuwa na bei. Hatimaye alipopimwa kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, daktari hakuwa na la kuzuia tena.

Si yeye peke yake. Utafiti uliofanywa Moshi na vijiji vyake, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta watu wazima 7 kati ya kila 100 wana ugonjwa sugu wa figo, na mjini ulikuwa mwingi kuliko kijijini. Wengi wao hawakujua. Presha na kisukari ndivyo visababishi vikubwa, hapa kwetu na duniani kote. Virusi vya UKIMWI vimo, na kichocho kilichoachwa bila tiba kinaweza kuziba njia ya mkojo mpaka figo ziharibike.

Kerende na vijiji jirani vina visababishi vyake vya ziada. Wachimbaji wadogo wa kanda hii husaga mawe kwenye makarasha, kisha hukamata dhahabu kwa zebaki na kuichoma zebaki hiyo kwa moto, mara nyingi bila kinga yoyote. Mvuke wake huingia mapafuni, na figo ni mojawapo ya viungo vinavyoihifadhi na kuumizwa nayo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, lakini mkataba haujafika kwenye kila karai. Halafu kuna vidonge vya maumivu. Kijana anayebeba viroba vya mawe mgongoni hulala na maumivu na kuamka nayo, na diklofenaki inapatikana kila duka la dawa muhimu. Akiimeza kila siku kwa miaka, huku anafanya kazi juani bila kunywa maji ya kutosha, anaziumiza figo zake kwa fedha yake mwenyewe.

Jioni walikuja watu wa ukoo na jirani wachache, wakakaa. Hapo nikasimuliwa jinsi ratiba ilivyozaliwa, na haikuzaliwa kwa urahisi.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha ukoo. Kwa Wakurya ng'ombe ni mahari, ni akiba, ni heshima ya nyumba. Kumtoa si jambo la mtu mmoja. Waliwatoa. Bima ilikuwa bado, na kila safari ya mashine ilikuwa shilingi laki mbili na ushee. Ng'ombe mmoja mzuri alimaliza wiki mbili, kabla ya nauli na chumba. Wakaona zizi litaisha kabla ya mwaka. Kikafuata kikao cha pili, harambee kanisani na sokoni. Watu walitoa: wengine fedha, wengine debe la mahindi, bodaboda wakachanga mapato ya siku nzima. Mchango ulikuwa mkubwa kuliko wowote waliokumbuka. Ukaenda miezi miwili, ukaisha. Walipoitwa tena walikuja wachache. Mara ya tatu walikuja wa ukoo tu.

Mzee mmoja alilieleza hivi: "Hatukuchoka roho. Sisi tumezoea shida yenye mwisho." Nadhani alisema jambo zito kuliko alivyokusudia. Msiba una siku ya kuanua tanga. Harusi ina siku yake. Nyumba ikiungua, inajengwa na watu wanaondoka. Jamii zetu zimejipanga vizuri sana kwa shida ya namna hiyo, na hakuna anayeweza kutufundisha kuchanga. Ugonjwa wa figo hauna siku ya kuanua tanga. Jumanne ni mashine, Ijumaa ni mashine, na wiki ijayo hivyo hivyo, mpaka apandikizwe figo au afe. Shida ya namna hii haitoshelezwi na moyo wa kutoa kwa siku moja. Inataka mpango.

Walioutambua ukweli huo mapema ni akina mama wa kikoba chake. Walikuwa tayari wana utamaduni wa kukutana kila wiki, kuweka hisa, kuandika daftari na kumwajibisha asiyefika. Wakaongeza mfuko mdogo wa mgonjwa, shilingi elfu mbili kila mwanachama kwa wiki, si zaidi, ili asishindwe hata aliye na hali ngumu. Kisha wakachora karatasi ya manila. Niliiona nyumbani kwa mweka hazina: safu ya nauli, safu ya msindikizaji, safu ya maji na kuni, safu ya palizi, safu ya kuangalia watoto. Majina yameandikwa kwa kalamu ya wino, na aliyebadilishana zamu na mwenzake ameandikwa upya pembeni.

Fedha za mashine zenyewe hazimo kwenye karatasi ile. Zilikuja kutatuliwa na kijana wao wa kwanza, alipoajiriwa ualimu na kumwandikisha mama yake kama mtegemezi kwenye Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Tangu hapo bima hulipa mashine. Lakini bima hailipi basi la Mwanza, hailipi kodi ya chumba karibu na hospitali, haimpikii mgonjwa anayetoka kwenye mashine akiwa hoi baada ya saa nne za kukaa kitini, haipalilii mahindi yake. Mahali bima inapoishia ndipo ile karatasi inapoanzia. Wote niliozungumza nao walikiri kuwa kimoja bila kingine kisingetosha.

Ushahidi wa hilo hauko mbali. Kijiji cha pili kulikuwa na kijana, mchimbaji, aliyepatwa na ugonjwa huo huo karibu wakati mmoja. Hakuwa na bima, wala hakuwa na mtu wa kumwandikisha. Alichangiwa, akaenda mashine mpaka mchango ukakata, akarudi nyumbani. Wakati wa mazishi yake, walisema, watu walijaa mpaka barabarani na rambirambi ilikuwa nyingi.

Nikiwa nimekaa pale nilikumbuka habari ya Seattle, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mji ule ulikuwa na mashine chache za kusafisha damu na wagonjwa wengi. Ikaundwa kamati ya raia saba, majina yao yakafichwa, wakapewa kazi ya kuchagua nani atibiwe. Walitazama kipato, elimu, idadi ya watoto, hata mahudhurio ya kanisani. Gazeti la Life lilipoiandika habari hiyo, wengi walishtuka kwamba jirani anaweza kupewa mamlaka ya kupima thamani ya uhai wa jirani. Mwaka 1972 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kumgharamia karibu kila mgonjwa ambaye figo zake zimekufa. Kamati ikakosa kazi. Kikao cha ukoo kinachoamua kama zizi lote liuzwe kwa ajili ya mtu mmoja kinapewa mzigo ule ule, na hakistahili kuubebeshwa.

Hapa kwetu mambo yamesogea. Kuna wakati kusafishwa damu kulimaanisha kuhamia Dar es Salaam. Kupandikizwa figo kulimaanisha India. Mwezi Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza nchini, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata. Mashine nazo zimetoka kwenye hospitali kubwa za kanda na kuanza kufika hospitali za rufaa za mikoa. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kabla yake, kaya nyingi za vijijini zilitegemea mfuko wa afya ya jamii ulioboreshwa, wa shilingi 30,000 kwa watu sita kwa mwaka, ambao haukutengenezwa kwa tiba ya gharama hii. Kwa mtu wa Kerende, sheria hiyo itapimwa kwa swali moja: je, kijana kama yule mchimbaji atakuwa na kadi kabla hajaugua?

Nilimwuliza mama kuhusu kupandikizwa. Alicheka kidogo. Ndugu zake wawili walisema watatoa figo, kisha hofu ikawashika. Kijijini inasemwa kuwa mtoaji hufa kabla ya mpokeaji. Si kweli. Mtu mwenye afya aliyepimwa na kukubaliwa huishi kwa figo moja, na hospitali humkataa mapema yule ambaye kutoa kungemdhuru. Hakuwalaumu ndugu zake. Alisema angependa daktari aje azungumze na ukoo mzima siku moja, kwa kuwa "mtu mmoja akielimishwa peke yake, akirudi nyumbani wanamgeuza."

Jambo la mwisho nililoonyeshwa Kerende lilikuwa mashine ndogo ya kupimia presha. Kikoba kimeinunua, na kila mkutano huanza kwa wanachama kupimana kabla ya kuhesabu hisa. Anayezidi kipimo mara kwa mara huandikiwa jina na kusindikizwa zahanati au hospitali ya Nyamwaga, akapimwe mkojo na sukari pia. Waume walianza kwa kucheka. Sasa wapo wanaochungulia mlangoni kuuliza kama wanaruhusiwa. Katika yote niliyoyaona kule, hiki ndicho chenye bei ndogo kuliko vyote, na ndicho kitakachookoa wengi kuliko mashine zote za Mwanza.

Msomaji, huna haja ya kufika Kerende kuiga hili. Kama una kikoba, jumuiya, chama cha ukoo au kundi la WhatsApp la wanakijiji wenzako, fanyeni mambo matatu. Nunueni kipimo cha presha na mpimane, na mwenye presha au kisukari apime mkojo na kreatinini angalau mara moja kwa mwaka. Kabla hamjachangia ugonjwa, changieni bima ya yule ambaye hana. Na akipatikana mgonjwa, msianze na harambee. Anzeni na kalamu na karatasi, mpangiane zamu ambazo mtaziweza mwaka huu, mwaka ujao na ule mwingine.